Fundi, Faili Lipo Ila Halionekani

Fundi, nimepandisha Linux yangu kutoka Debian 11 kuwa 12, kisha nikabadilisha kadi ya waifai. Mtandao hakuna, dmesg (kumbukumbu za kerneli, kiini cha mfumo) inasema "Direct firmware load failed with error -2", na apt, kisakinisha programu, inadai pakiti ya firmware-iwlwifi haipo. Nimeuziwa kadi mbovu?

Kadi ni nzima. Hiyo -2 maana yake faili halikupatikana, basi. Kadi ya namna hiyo haitunzi femiwea yake, programu inayoiendesha kwa ndani: kila ukiwasha mashine, draiva, programu ya mfumo inayoongea na kadi, inaomba faili kwa jina, kerneli inalitafuta chini ya /lib/firmware, likipatikana linapakiwa kwenye kadi. Ukizima umeme, kadi inasahau yote. Sasa, Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ilihamishia femiwea kwenye fungu jipya, non-free-firmware, na sources.list yako ya zamani, orodha ya mahali apt inapochukua pakiti, hailijui. Liongeze, apt update, kisha weka pakiti. Huna intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, igawie mashine bando. Na kabla hujaenda kugombana na muuza kadi, soma mstari mzima wa dmesg. Jina la faili limeandikwa humo humo.

Naona error -2 mara tano mfululizo, lakini waifai inafanya kazi. Nihofu?

Hapana. iwlwifi, draiva ya kadi za waifai za Intel, huanza kuomba toleo jipya kabisa la femiwea inalolijua, likikosekana inashuka ngazi. Ukikuta chini yake "loaded firmware version", nenda kalale.

Waifai haishiki. Naomba msaada.

Kadi gani? Mfumo gani? Lete lspci -nn (orodha ya vifaa) na dmesg, kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa gizani sijibu tena.

Kwenye grupu la WhatsApp nimetumiwa faili la femiwea, jina linafanana kabisa. Niliweke?

Usithubutu. Hiyo ni programu itakayoendeshwa ndani ya kifaa ambacho mara nyingi kina njia ya kuifikia RAM moja kwa moja. Kuna vifaa vinavyokagua sahihi ya faili, vingine vinameza chochote. Chukua pakiti ya mfumo wako. Nawashangaa watu wanaoficha PIN ya simu hata kwa mke, kisha wanaandika sudo cp, kunakili kwa mamlaka ya msimamizi, kwa kitu cha mtu wasiyemjua.

Nimenakili mafaili ya amdgpu, draiva ya kadi za picha za AMD, kwenye /lib/firmware. ls inayaonyesha, jina ni lile lile, ila mashine ikiwaka bado -2 na skrini nyeusi. Nimerogwa?

Hilo lilinikesha usiku mzima mwaka fulani. Kilichonifungua macho: niliingia kwa ssh kutoka mashine nyingine, nikaitoa moduli ya draiva na kuirudisha, picha ikaja! Kumbe draiva ilikuwa inaamka mapema, ikiwa bado ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuwashia mashine, kabla diski kuu haijafunguliwa. /lib/firmware iliyoiona ni ile ndogo ya humo, na mafaili yangu hayakuwemo. Ijenge upya: endesha update-initramfs -u; wa Fedora, dracut -f. Kama umeijenga kerneli mwenyewe na draiva umeikaza ndani yake bila initramfs, ifanye moduli, au taja mafaili kwenye mpangilio wa kerneli uitwao CONFIG_EXTRA_FIRMWARE. Giza likiendelea, nitumie orodha ya lsinitramfs, inayoonyesha yaliyomo ndani ya initramfs. Hiyo ls yako nimeshaiamini.