Kwa afisa mipango mpya: vocha ilivuka mto, maghala yakabaki ng'ambo

Mdogo wangu, umeripoti halmashauri juzi tu. Umepewa meza yenye mguu mmoja mfupi na kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliyehamishiwa Ruvuma. Karibu nyanda za juu, na nunua sweta kabla ya Juni. Mwezi hautaisha kabla hujaletewa mwongozo wa mpango fulani, jalada linang'aa, na ukurasa wa pili unasema mpango huu umefanikiwa katika nchi tatu. Utaambiwa bajeti ya utekelezaji inatakiwa Ijumaa. Nakuandikia kwa ajili ya wiki hiyo.

Nilianza kazi 2008, Songwe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya. Kabla ya kuhamia mipango nilikuwa bwana shamba, na msimu wangu wa kwanza, 2008/09, ndio msimu ambao vocha za pembejeo, karatasi za kumpunguzia mkulima bei ya mbolea na mbegu, zilianza kugawiwa kitaifa. Mengi ninayoyajua kuhusu sera inavyotoka nchi moja kwenda nyingine nilifundishwa na ile karatasi.

Tuanze ng'ambo. Malawi ilivuna vibaya sana 2005, mamilioni ya watu wakahitaji chakula cha msaada. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ikaamua kumpa mkulima mdogo kuponi ya kununulia mbolea kwa bei ndogo. Wafadhili wakubwa hawakuutaka mpango huo, kwa hiyo msimu wa 2005/06 Malawi ikalipa yenyewe. Mvua ikanyesha vizuri, mahindi yakajaa. Juni 2006 viongozi wa Afrika wakakutana Abuja, wakaazimia matumizi ya mbolea yapande hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Baadhi ya wafadhili waliokuwa wamekunja uso wakaanza kuchangia, na Malawi ikawa mfano wa kuigwa. Mvua ile nzuri ilikuwa na sehemu yake katika mafanikio, ila mvua haina ukurasa kwenye mwongozo.

Wizara zinaandikiana nyaraka, lakini sera haisubiri nyaraka. Ileje ya kwetu na Chitipa ya Malawi zinatazamana kwenye mto Songwe, Walambya wako huku na huku, wanaoana na wanazikana. Nilikuwa fildi Ileje nikiwa bado mwanafunzi wakati mzee mmoja aliponishika mkono mnadani: "Shemeji yangu hapo ng'ambo anapata mfuko wa mbolea kwa hela ya kuku wawili watatu. Nyie wasomi mnasubiri nini?" Sikuwa na jibu. Miaka miwili baadaye vocha zilipotangazwa, watu wa mpakani walishangaa zaidi kwamba tumechelewa. Ndiyo maana nakwambia, ukipangiwa wilaya ya mpakani, kunywa chai na madereva wa bodaboda wanaovuka. Watakuwa wameshaijadili sera ya jirani kabla yako.

Halafu jua kwamba mpango mgeni haukuti nyumba tupu. Wazee wa huku waliikumbuka ruzuku ya mbolea ya enzi Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilipokuwa zikitajwa kama mikoa minne mikubwa ya mahindi, kabla haijaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakati wa mageuzi ya uchumi. Kwao vocha ilikuwa haki inayorudi, wala si jambo jipya kutoka Malawi. Na akina mama waliokuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito tangu 2004 walishaijua karatasi ya namna hiyo, kwa sababu walipewa hati punguzo ya chandarua, wakaipeleka dukani na kuongezea kidogo. Semina ya kuwaeleza vocha ni nini iliandaliwa kwa siku nzima. Wao walielewa kabla ya chai ya saa nne.

Sasa penye uzito. Kuponi ya Malawi ilisimama juu ya ADMARC, shirika la umma lenye maghala na vituo vya kuuzia hadi vijijini, likisaidiana na mfuko wa mbolea wa wakulima wadogo. Mbolea ilinunuliwa na serikali, ikasafirishwa, ikawekwa pale, mkulima akaja na kuponi na hela kidogo. Huku kwetu hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Vyama vya ushirika vilikuwa vimechoka, vingine vina jengo na deni tu. Tanzania ikachagua njia yake: mbolea ipite kwa mawakala binafsi wa pembejeo, wale wenye maduka ya mbegu na dawa, na vocha ilipe takriban nusu ya bei. Mkulima mwenye eneo lisilozidi hekta moja alipata vocha za ekari moja, yaani mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu bora, kwa misimu mitatu, kisha alitarajiwa kujitegemea. Aliyechagua wanufaika ni kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu.

Sikulaumu uamuzi ule na silaumu hadi leo. Usingeweza kujenga ADMARC kwa msimu mmoja. Ila maghala yale yalikuwa yakifanya kazi tatu ambazo hakuna aliyeziorodhesha: yalibeba gharama ya kusogeza mbolea mpaka karibu na mtu, yalibeba mtaji, na yaliibeba mbolea isiyonunuliwa ikangoja msimu ujao. Ukiyaondoa, mizigo ile mitatu inatua kwa mtu. Kwetu ilitua kwa wakala mwenye duka la bati, ambaye angekopa benki anunue mbolea, auze kwa nusu ya hela na vocha, kisha asubiri vocha zilipwe. Wengine walisubiri mpaka msimu mwingine ukaanza. Vocha zenyewe ziliwahi kufika Januari, mahindi yakiwa yameshapita magoti na mbolea ya kupandia haina tena cha kupandia.

Februari 2010 nilipanda kijiji kimoja cha juu, kule ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, kukagua daftari la kamati. Safu ya kwanza jina, ya pili namba ya vocha, ya tatu dole gumba. Kurasa za mwanzo zilikuwa sawa. Kurasa mbili za mwisho dole gumba zote zilikuwa na kovu moja, mstari mwembamba unaokatiza pembeni, kama wa mtu aliyewahi kujikata na mundu. Watu arobaini na moja, kidole kimoja. Niliinua macho, kamati nzima ikawa inatazama nje dirishani. Sikuuliza. Nilikuwa na mwaka na nusu kazini, na gari lilikuwa linapiga honi barabarani.

Wakati wa kushuka tulimpa lifti bibi mmoja, jina lake lilikuwa kwenye kurasa zile mbili. Nikamuuliza kwa upole mbolea yake ameipata? Akacheka. "Vocha niliiuza kwa wakala, shilingi elfu kumi. Ile nusu nyingine ningeitoa wapi? Ningekaa nayo niiangalie?" Wakala naye alipeleka vocha ilipwe thamani yake yote, bila mbolea kutoka dukani. Karatasi zilikuwa zimekamilika na mahesabu yalilingana. Taarifa ya wilaya ilisema kijiji kile kimefikia asilimia mia moja, na niliyeiandika ni mimi.

Usidhani ni kijiji kimoja. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa 2012 ulikuta karibu asilimia 60 ya vocha zimeishia kwa viongozi wa vijiji wenyewe. Na wengi wa hao walikuwa na ile nusu nyingine mfukoni, kwa hiyo mbolea ilienda zaidi kwenye mashamba yaliyokuwa yakivuna vizuri tangu zamani.

Wasomi wawili wa vyuo vya Uingereza, David Dolowitz na David Marsh, waliandika mwaka 2000 kwamba sera iliyoigwa huanguka kwa njia tatu: uliyeiga hukuwa na taarifa za kutosha, au uliiga nusu, au ulichoiga hakifai hali yako. Ni darasa zuri, libebe. Mimi vocha yetu naiweka kwenye ya pili, lakini si kwa sababu tulikataa maghala. Tuliyakataa bila kuuliza yalikuwa yanafanya nini.

Kutokana na hapo nikajitengenezea zoezi ambalo nakuachia. Chukua mwongozo, na kalamu nyekundu. Kiswahili cha ofisi kinapenda sana kutendwa: vocha zitasambazwa, wananchi watahamasishwa, malipo yatafanyika, utekelezaji utafuatiliwa. Kila ukikuta kitenzi cha namna hiyo, andika pembeni jina. Usiandike idara, andika jina la mtu, na hapo hapo andika anatumia usafiri gani na mafuta ya nani. Mara ya kwanza nilipolifanya, kwenye kurasa kumi na nane nilipata vitenzi thelathini na vinne, na ishirini na mbili vikaangukia kwa mtendaji wa kijiji mmoja mwenye baiskeli. Rudia zoezi kwa nchi ulikotoka mpango: kule nani alisambaza, nani alihamasisha? Tofauti ya orodha hizo mbili ndiyo bajeti yako halisi. Haitafanana na ile ya Ijumaa, lakini utakuwa unajua pengo liko wapi.

Kuiga kukifanyika vizuri, utaona mtu amebadilisha mbebaji kwa makusudi. TASAF, mfuko wa taifa wa maendeleo ya jamii, ni mfano ninaoupenda. Wazo la kuzipa kaya maskini fedha kwa sharti la kupeleka watoto shule na kliniki lilipata jina Mexico 1997, Brazil ikalikuza kwa Bolsa Família 2003, hapa Tanzania likajaribiwa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kabla ya kuwa mpango mkubwa kuanzia 2012. Ajira za muda zilizoongezwa humo zinafanana na walizokuwa nazo Waethiopia tangu 2005. Mexico ilitegemea sana takwimu za kaya kuchagua wanufaika. Huku mkutano wa kijiji unazitaja kaya kwanza, halafu dodoso linahakiki. Una kasoro zake, ndugu wa mwenyekiti hutajwa mapema. Lakini dodoso halijui ng'ombe waliopelekwa kulala kwa kaka siku ya kuhesabiwa, na mkutano unajua, tena unataja na rangi zao.

Mifuko ya rambo nayo utaulizwa. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019. Rambo zenye mikono zilipotea sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa kasi ambayo sikuitegemea, kisha vile vifungashio laini visivyo na mikono vikaanza kubeba nyanya. Sheria ilikuwa imefunga mlango mmoja, muuza nyanya akapitia dirishani. Sina zaidi la kusema hapo.

Ziara za mafunzo utapelekwa, na nenda. Posho utaihitaji. Ila ukifika, wenyeji watakupeleka kwenye kituo kilichopakwa rangi. Wasikilize, piga picha ya pamoja, kisha tafuta mlinzi wa ghala. Muulize mwaka jana mzigo ulifika mwezi gani, na ulipochelewa nani alilaumiwa. Mlinzi mmoja wa Karonga, Malawi, alinieleza kwa dakika kumi mambo ambayo siku mbili za mawasilisho hayakuyagusa, ikiwemo foleni ya kulala nje na kuponi zinazouzwa gizani. Niliporudi niliandika taarifa ya kurasa ishirini, na aya iliyosomwa ni ya mlinzi.

Na ukumbuke bei. Ruzuku ya upande mmoja wa mpaka ikishusha bei sana, gunia linaota miguu. Watu wa Tunduma na Kasumulu, pale mpakani, kwa hilo hawahitaji semina.

Mwaka 2022 nilidhani nimeshaona yote. Vita vya Ukraine vilikuwa vimechangia kupandisha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea au DAP ikapita shilingi 120,000, na tarehe 8 Agosti, kwenye Nane Nane hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia akazindua ruzuku mpya, mfuko 70,000. Safari hii hapakuwa na karatasi. Mkulima anasajiliwa, anapewa namba, na simu ndiyo inathibitisha, njia ambayo Nigeria waliijaribu kwa nchi nzima kuanzia 2012. Niliona kidole chenye kovu hakina tena pa kuingilia, ingawa hela ya mfukoni iliyomshinda bibi ilikuwa bado inadaiwa. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Nikatoa kalamu nyekundu hata hivyo. "Ujumbe utatumwa kwa mkulima." Novemba ile nilikaa kwenye benchi la wakala mmoja asubuhi nzima. Mama aliyekuwa wa saba kwenye foleni alikuwa ametembea tangu saa kumi na moja alfajiri. Namba aliyosajiliwa nayo ilikuwa ya kijana wake, kwa sababu siku ya usajili ndiye aliyekuwa na simu, na kijana ameshaenda Dar kuendesha bajaji. Wakala akabonyeza, ujumbe ukaenda Kariakoo. Tukampigia kijana kwa simu yangu. Hakupokea, alikuwa na abiria. Tukapiga tena. Mama akakaa chini juu ya gunia ambalo alikuwa bado hajaruhusiwa kulinunua, akafungua kitambaa chake akanimegea muhogo.

Alipokea saa sita na robo.