Kuishi ndani ya gari: sinema na kabini niliyolalia mimi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama filamu na vitabu vya watu wanaoishi ndani ya magari vinasema kweli, maana unataka kununua Hiace, utoe viti, uweke godoro, uzunguke nayo Mbeya mpaka Iringa. Hiace sijawahi kumiliki. Ila nimekuwa utingo wa semitrela miaka minne, Dar kwenda Tunduma, na chumba changu kilikuwa kabini.

Kwenye sinema nyingi mtu anayelala garini ana sura mbili tu. Ama ni kijana mtanashati anafungua mlango wa nyuma, bahari hii hapa, kahawa inafuka moshi. Ama ni chizi au mhalifu anayekwepwa na mtaa mzima. Mimi na dereva wangu tulikuwa watu wa kusubiri tu. Nani atalipa kiingilio aangalie wanaume wawili foleni ya mpakani siku ya sita, wanabishana unga uliobaki unatosha ugali mara ngapi?

Nomadland ya Chloé Zhao (2020), iliyobeba Oscar ya filamu bora, ndiyo iliyonigusa. Imetokana na kitabu cha Jessica Bruder cha 2017 kuhusu wazee wa Marekani wanaofuata vibarua huku na kule wakiishi kwenye magari, na baadhi yao wameigiza humo kama wao wenyewe. Mle kuna ndoo. Ndoo ya haja! Nilicheka peke yangu sebuleni. Kuna pia usiku ambao Fern, mhusika mkuu, anagongewa aondoe gari. Ule mshtuko naujua: Makambako, saa nane usiku, mwezi wa saba, kioo kimelowa kwa pumzi zetu, mara ngo ngo ngo. Hujui ni mlinzi, ni mnyonya dizeli, au mama wa chai kawahi. Dereva ana kitanda chake nyuma. Wewe umejikunja juu ya viti, mkono wa gia unakuchoma mbavu. Kukicha, choo cha kulipia na maji ya kuoga ya kununua. Kuna asubuhi nilichagua chapati, mwili ukasubiri Mbeya.

Harufu ndiyo haipiti kwenye skrini, ingawa The Lady in the Van (2015), ya yule bibi aliyeegesha gari lake uani kwa mwandishi Alan Bennett jijini London miaka 15, angalau haikuificha.

Sasa, Fern anamwambia binti ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake kwamba yeye hana nyumba tu (houseless), si mtu asiye na makazi (homeless). Kiingereza kimehangaika hapo. Sisi tungesema: sina nyumba, ila nina kwetu. Mimi kwetu Rungwe, na tukipita Uyole mdogo wangu alikuwa ananisubiri barabarani na ndizi za mama. Upweke wa Fern sikuwahi kuuonja. Shida yangu ilikuwa kukosa hata nusu saa bila dereva kunikoromea sikioni.

Hiace ukiipata, lala nayo kwanza usiku mmoja Makambako mwezi wa saba, vioo juu. Na beba tairi la akiba. Fern alipata pancha hana la akiba, bibi mwenzake akamsema mpaka basi.