Maswali yenu: chupa, chujio na maji ya ziwa

*Napima fosfati (aina ya fosforasi, chakula cha mwani), lakini hata maji yaliyokenekwa, yasiyotakiwa kuwa na kitu, yanageuka buluu. Mashine imekufa?*

Mashine iache kwanza. Chupa unaoshea nini? Baadhi ya sabuni zina fosfati, na sisi wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, tunatafuta mikrogramu chache tu kwa lita. Utando usioonekana kwa macho unatosha kukuharibia siku nzima. Buluu hiyo hutokana na molibdeni ikikutana na fosfati. Spektrofotometa, yaani hiyo mashine yako ya kupima rangi, husoma tu ilivyokolea, kwenye nanomita 880. Haijui fosfati imetoka ziwani au kwenye sinki lako. Loweka chupa usiku kucha katika asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa, na kidole kisiguse mdomo wa chupa. Buluu ikibaki, shuku kemikali zako, kisha maji yenyewe.

*Nichujie sampuli ziwani au maabara?*

Ziwani. Mwani na bakteria waliomo kwenye chupa wanaendelea kula fosfati na amonia njia nzima. Tumia chujio la mikromita 0.45, na usisukume bomba la sindano kwa nguvu: seli zikipasuka humwaga yaliyomo, ukayapima kama ya ziwa. Kisha weka kwenye barafu. Kama hupimi siku hiyo, gandisha.

*Kisahani cha Secchi, kile cha kushusha majini kupima uwazi wa maji, bado kina kazi?*

Kina. Padri Angelo Secchi alikitumia baharini mwaka 1865, na hakijawahi kuishiwa betri. Kishushe upande wa chombo wenye kivuli.

*Kujua kinachokuza mwani, majaribio ya chupa yanatosha, au lazima ziwa zima?*

Chupa hudanganya. Zamani watu waliona mwani ukiongezeka chupani walipoongeza kaboni, wakadhani kaboni ndiyo inayokosekana maziwani. Lakini ziwa huvuta kaboni hewani. Chupa iliyofungwa haiwezi. Huko Experimental Lakes Area, eneo la maziwa ya utafiti Ontario, Kanada, mwaka 1973 watafiti waligawanya Ziwa 226 kwa pazia. Pande zote mbili ziliwekewa kaboni na naitrojeni, fosforasi upande mmoja tu. Upande huo ukageuka kijani, na picha yake kutoka angani ilimaliza ubishi mwingi kuliko majedwali.

Wengi wetu hatuna ziwa la kukata katikati. Basi tumia mifuko mikubwa ya plastiki iliyosimamishwa majini, iliyo wazi juu na kuzama topeni chini. Usiliache tope nje: oksijeni ikiisha pale chini, chuma huachia fosforasi iliyokuwa imeishika, nayo hurudi majini. Mfuko wenye kitako hautakuonyesha hilo.

*Kihisi changu kimesoma oksijeni asilimia 130 saa tisa alasiri. Kibovu?*

Huenda ni kizima. Asilimia 100 ni kiasi ambacho maji hushika yakiwa sawa na hewa, na yanaweza kuzidi. Mwani ukipata jua hutoa oksijeni kuliko maji yanavyoweza kuipumua hewani kwa haraka. Usiku hutoi tena, hivyo rudi kabla ya alfajiri uone kama kipimo kimeshuka. Ukiwa bado na shaka, chukua sampuli uipime kwa njia ya Winkler, ya kupima oksijeni kwa kemikali, ya mwaka 1888, na hakikisha hakuna hata kiputo kimoja chini ya kizibo.