Kabla hujazidisha exp kwa erfc

Binti wa shangazi yangu anaandika utafiti wa chuo kuhusu maji ya bahari yanayoingia visimani Makunduchi, kule maweni ambako mwamba ni wa matumbawe na maji hupita nyufani. Usiku mmoja baada ya tarawehe alinijia na kompyuta: "Kaka, tangu asubuhi inanijibu NaN tu." NaN maana yake "si namba": mashine imekwama kwenye hesabu isiyo na jibu.

Alikuwa akitumia mlinganyo wa Ogata na Banks wa mwaka 1961, unaoeleza jinsi chumvi inavyosafiri na maji ardhini. Kiwango cha chumvi, kikilinganishwa na cha pale inapoanzia, ni nusu ya jumla ya vipande viwili: erfc(w), na exp(vx/D) mara erfc(z). x ni umbali, v mwendo wa maji, t muda, na D kiwango cha chumvi kutawanyika; exp ni namba e ikipandishwa kipeo, na erfc ni fomula inayoshuka upesi kuelekea sifuri namba yake ikikua. Hapo w ni (x−vt)/(2√(Dt)), na z ni hiyo hiyo ila kwa x+vt. Karatasini hakuna shida. Lakini yeye aliweka x ya mita 80 na mtawanyiko wa sentimita 10 (D ni mtawanyiko huo mara v), basi vx/D, yaani 80 kugawanya kwa 0.1, ikawa 800. Namba ya biti 64 haiwezi kubeba exp ya zaidi ya 709 na kidogo, ikawa infiniti. Chumvi inapofika kisimani, yaani vt ni 80, z inapita 28, na erfc yake ni ndogo mno hata mashine inaandika sifuri. Infiniti mara sifuri, kwa IEEE 754, kanuni ya namba za kompyuta, ni NaN.

Alikuwa ameshaanza kuweka sifuri kila kipande cha pili kilipotoa NaN. Nikamkataza. Angepata 0.50, jibu la kupendeza ambalo hakuna msimamizi angelishuku, ilhali sahihi ni 0.51.

Dawa ni kutozitenganisha exp na erfc. Lugha ya kompyuta ya Fortran, toleo la 2008, ina erfc_scaled(z), yaani exp(z²) mara erfc(z), ikihesabiwa kwa mpigo mmoja. Kwa kuwa z² − w² ni vx/D kamili, kipande cha pili kinakuwa exp(−w²) mara erfc_scaled(z). Tukabadilisha mstari mmoja tu, na kipande kikatoka 0.02.

SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, inayo, huitwa erfcx. C99, toleo la 1999 la lugha ya C, ilileta erf na erfc ikaishia hapo. C++17, toleo la 2017 la C++, ikaongeza fomula za Bessel na hata zeta ya Riemann, hii ya erfc_scaled ikaiacha, na kwa kweli inaniuma, maana wanaohesabu maji, joto na uchafuzi wanaihitaji kila siku. Kama unaandika kwa C na z imevuka 28, tumia 1/(z√π) badala ya erfc_scaled(z): kosa lake halifiki sehemu moja ya elfu.