Kabla hamjaniletea dokezo la kiti cha ngozi

Jumatatu kijana mmoja aliyeripoti mwezi uliopita aliniletea dokezo la kuomba kiti. Cha ngozi, mgongo mrefu, kama cha mkurugenzi. "Shikamoo mama, naomba unipitishie, shingo inaniua." Nikaitikia, nikaweka kalamu chini, nikaenda kumwona anavyokaa. Kompyuta mpakato imelala mezani, kidevu kinagusa kifua, mausi iko ng'ambo ya rundo la majalada, dirisha liko mgongoni kwake na jua lote la asubuhi la hapa Mtumba, Dodoma, limemwagika kwenye skrini. Wenzake wawili wamekaa hivyohivyo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini haya nilishayasema mwaka jana kwa waliowatangulia. Sasa nayaandika, maana msimu wa randama, yale maelezo ya makadirio ya bajeti, unakuja na ninyi ndio mtakaokesha nayo.

1. Anzeni na viwiko. Wengi mnaanza na miguu: mnashusha kiti mpaka nyayo zikanyage sakafu, halafu mabega yanapanda masikioni ili mikono iifikie meza. Pandisheni kiti mpaka viwiko, vikiwa karibu na mbavu, vilingane na uso wa meza. Miguu ikibaki inaning'inia, tafuta cha kukanyagia. Meza zetu nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kwa mtu mfupi kama mimi ni ndefu. Nakanyaga kreti la soda lililogeuzwa, na haliondoki hata ugeni ukija.

2. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Rimu mbili za A4 zinainua mpakato sentimita 10, na ofisi ya bajeti haikosi rimu. Ukishaiinua, lazima uwe na kibodi ya pembeni, la sivyo umehamisha maumivu kutoka shingoni kwenda mabegani.

3. Mausi. Hapa mnivumilie.

Mwaka tuliohamia Dodoma nilikililia kiti. Madokezo matatu, kufuatilia ugavi kila wiki, mpaka kikaja: ngozi nyeusi, mikono minene. Idara nzima ilijua nimekipigania. Mikono ile ilikuwa juu kuliko ukingo wa meza, kwa hiyo kiti hakikuingia, nikabaki nimekaa shibiri mbili nyuma. Kibodi ilikuwa ile ndefu yenye namba upande wa kulia, na baada ya kibodi nimepanga vitabu, na baada ya vitabu ndipo mausi. Kila kubofya, mkono mzima umenyooka. Nilikuwa nahamisha takwimu za bajeti kasma kwa kasma, yaani kifungu kimoja cha matumizi baada ya kingine, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne usiku.

Wiki ya pili bega likaanza kuwaka. Nikasema ni baridi ya alfajiri. Nikanunua dawa ya kuchua, kisha vidonge vya maumivu duka la dawa, nikavimeza wiki baada ya wiki. Baadaye nikawa naamka usiku dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, nakaa kitandani nakung'uta mkono. Sikumwambia mtu. Ningesemaje, wakati kiti nimekililia mimi? Kila mtu akipita ananipongeza kwa kiti kizuri, nami naitikia asante huku mkono nimeuficha mapajani.

Vidole visivyohisi havijui vimebonyeza mara ngapi. Kwenye kasma ya mafuta niliacha sifuri moja, na jumla ya fungu letu la bajeti ikagoma kuwiana na ile ya kitabu cha pili cha makadirio. Tuligundua jioni, nakala zimeshachapwa na kubanwa, kesho yake asubuhi zinatakiwa kwenye Kamati ya Bunge. Watu sita walibaki na mimi kubandua kurasa na kuchapa upya mpaka alfajiri. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Alikuwa akitoka kila baada ya muda kupiga simu nyumbani kuuliza kama mtoto amenyamaza. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mimi nilijua mkono ni mbovu, wao hawakujua.

Ndipo nikaenda hospitali. Kijana wa fiziotherapia akaniambia, "Mama, hebu kaa kama unavyokaa kazini." Nikanyoosha mkono hewani. Akauliza, "Kidole kidogo nacho kina ganzi?" Hakina. Akanieleza kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Ukibanwa, ganzi hushika gumba, cha shahada, cha kati na upande wa cha pete, na kidole kidogo husalimika. Akanipa kifaa cha kushikilia kifundo nilalapo na kuniambia mausi iishi ubavuni mwa kibodi, kiwiko kisiachane na mbavu. Niliporudi ofisini, fundi akafungua skrubu chini ya kiti, mikono ikatoka, kiti kikaingia mezani. Dakika kumi. Ganzi ilichukua miezi kuisha, na kufungua chupa ya maji mpaka leo natumia mkono wa kushoto.

Kwa hiyo ganzi ikikuamsha usiku, usianzie duka la dawa. Mwambie msimamizi wako na uende hospitali wiki hiyohiyo.

4. Dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma. Na futeni skrini. Vumbi la kiangazi hapa linafifisha maandishi, nanyi mnainama kuyafuata.

5. Kila dakika 20, angalia kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Ule mbuyu wa nje unatosha. Pepeseni macho pia, hewa ya Dodoma ni kavu na mtu akikodolea skrini husahau kupepesa.

6. Jalada la masjala lipeleke mwenyewe, usimtume mwanafunzi wa field. Mgongo wako ndio unaohitaji safari hiyo.

Dokezo la yule kijana nimelirudisha. Pembeni nimeandika: kibodi moja ya waya, rimu mbili, kiti alichonacho kitolewe mikono. Bisibisi iko kwenye droo yangu ya juu.