Kosa la kwanza silo lililovunja Linux yangu

Usiku ule nilikuwa chumbani kwangu Morogoro, laptopu iko kwenye chaji kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka tangu siku naipata. Ilikuwa ya mtumba, niliinunua Kariakoo, na wiki hiyo nilikuwa nimeondoa Windows na kuweka Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Nilitaka QGIS, programu ya kuchora ramani, maana kazi niliyokuwa naiwinda ilihitaji mtu anayeijua. Nikaandika amri, mistari ikaanza kupita, nikajiona nimeshaweza. Katikati ya kusakinisha, umeme ukakatika.

Uliporudi nikaandika amri ileile. Skrini ikanijibu hivi:

E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.

Yaani kazi imekatizwa njiani, endesha amri hii ili imaliziwe. Dawa ilikuwa imeandikwa ndani ya ujumbe wenyewe, neno kwa neno. Sikuisoma. Niliona herufi ya E na Kiingereza kirefu, moyo ukaruka, nikakimbilia intaneti na kuanza kunakili amri za watu. Ya kwanza ilifuta mafaili ya kufuli. Nyingine ikaongeza ghala la nje, yaani hifadhi ya programu ya mtandaoni isiyo rasmi ya mfumo wangu, lililotengenezwa kwa toleo lisilo langu. Mwisho nikafika kwenye amri ya kuondoa Python 3, lugha ya kuandikia programu, ili eti iwekwe upya. Nilipowasha kompyuta tena, menyu hakuna, madirisha hakuna, picha ya nyuma hakuna. Kilichobaki ni skrini nyeusi inayonidai jina na nywila.

Ilibidi nipakue mfumo mzima upya, karibu GB 3, kwa bando la mfukoni mwangu. Umeme ulinipa tatizo la dakika mbili. Siku mbili zilizofuata nilizipoteza kwa mikono yangu. Tangu hapo, kila mgeni wa Linux ninayemsaidia namkuta palepale: kosa la kwanza lilikuwa dogo, kilichoivunja kompyuta ni tiba alizozirundika juu yake. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Wengine huita kifurushi, ila kwetu kifurushi ni cha intaneti, na katika habari hii hivyo viwili vinagongana kila aya. Mimi nasema pakeji. Pakeji ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: inaitwa nani, toleo gani, na inahitaji pakeji zipi nyingine ili ifanye kazi. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, ambazo ni aina za Linux za ukoo mmoja, apt ndiye anayekwenda ghalani, anapiga hesabu ya vyote vinavyohitajika na kuvileta. Dpkg ndiye fundi anayefungua na kuviweka mahali pake, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba kitu fulani kimeshawekwa. Ukishaijua picha hii, ujumbe mwingi wa makosa unaanza kueleweka. Usiku ule fundi wangu alikuwa ameacha mizigo nusu imefunguliwa na daftari halijajazwa. Alichohitaji ni kuruhusiwa kumalizia:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Neno sudo mwanzoni ni kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Ya kwanza inamalizia zilizokwisha kufunguliwa, ya pili inaleta zilizopungua. Nimezitumia mara nyingi baada ya hapo, umeme ukikatika, na sijawahi kuhitaji kingine.

Kuhusu kufuli nataka niseme kwa mkazo, kwa sababu ushauri mbaya juu yake umeenea mno. Binamu yangu ana Ubuntu. Alinipigia akasema, "Dada, inakataa kabisa, inasema kuna kufuli." Nikamwomba anisomee mstari wote:

E: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2817 (unattended-upgr)

Jina lililo kwenye mabano ni la huduma ya Ubuntu inayoweka masasisho ya usalama yenyewe, kimyakimya. Alikuwa amewasha kompyuta baada ya wiki nzima, na huduma ile ilikuwa kazini. Kufuli lipo ili watu wawili wasiandike kwenye daftari moja kwa wakati mmoja. Ukilifuta faili lile kwa rm, amri ya kufuta, hujamtoa aliyemo ndani. Umemfungulia mlango mtu wa pili, sasa wote wanaandika. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kapike chai urudi." Alirudi, kufuli halipo, programu ikaingia. Kama umesubiri nusu saa na hakuna kinachosogea, tazama ile namba ya mchakato kwa amri ya ps -p ujue ni nani hasa. Mara nyingi ni dirisha la masasisho ulilolifungua mwenyewe asubuhi ukalisahau.

Kosa la Unable to locate package, yaani pakeji haijapatikana, halina kina kirefu. Endesha sudo apt update kwanza, maana kompyuta mpya haina orodha ya kisasa ya ghala. Kisha angalia tahajia: majina ya pakeji ni herufi ndogo, kwa hiyo ni vlc na gimp. Ikikataa bado, tumia apt search na neno linalohusiana, huenda jina la ghalani siyo unalolijua wewe.

Penye maumivu ya kweli ni kuchanganya matoleo. Linux Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo jina lake la ndani ni noble. Mint 21 ilijengwa juu ya Ubuntu 22.04, iitwayo jammy. Maelekezo mengi utakayoyakuta yaliandikwa zama za jammy, na mtu hunakili mstari wa ghala bila kuona neno hilo limekaa katikati. Kisha anapata kitu kama hiki:

Depends: libpython3.10 (>= 3.10.0) but it is not installable

Soma taratibu. Pakeji inadai maktaba ya Python 3.10, ambayo ilikuja na Ubuntu 22.04. Kwenye 24.04 kuna Python 3.12. Kwa hiyo hata ukirudia amri mara mia, kitu hicho ghalani kwako hakimo. Hapo usitafute namna ya kulazimisha. Toa lile ghala geni. Mafaili yake yapo kwenye /etc/apt/sources.list.d/. Mint ina chombo kiitwacho Software Sources, na ndani yake, upande wa Maintenance, unaweza kuzirudisha pakeji za kigeni kwenye matoleo ya ghala rasmi. Chombo hicho kingeniokoa usiku ule kama ningejua kipo.

Mint ina mtego wake mwingine hapohapo. Maelekezo kadhaa hukuambia utumie lsb_release -cs ili jina la toleo lijiandike lenyewe. Mint 22 itajibu wilma, ambalo ni jina lake yenyewe, na ghala lililotengenezwa kwa ajili ya Ubuntu halimjui wilma. Utaambiwa halina Release file, yaani faili la utambulisho wa ghala kwa toleo hilo. Jina unalolitaka lipo hapa:

grep UBUNTU_CODENAME /etc/os-release

Kama umepakua faili la .deb mkononi, yaani pakeji iliyo kwenye faili moja, usilipe dpkg moja kwa moja. Dpkg ni fundi, haendi ghalani. Akikosa kitu anaishia kulalamika. Mpe apt, ukiwa kwenye folda lenye faili hilo, na uanze na nukta na mkwaju, mfano sudo apt install ./programu.deb. Bila alama hizo mbili apt anadhani unamtajia jina la ghalani.

Sasa Python, kwa kuwa ndiyo iliyonizika. Vyombo vingi vya Ubuntu na Mint vimeandikwa kwa Python, na pakeji nyingi za mfumo zinaitegemea. Nilipoandika sudo apt remove python3, apt alinipa orodha ndefu ya pakeji chini ya maneno The following packages will be REMOVED, yaani pakeji hizi zitaondolewa, na Cinnamon, yaani menyu, madirisha na mwonekano wote wa Mint yangu, ilikuwemo. Nikabonyeza Y. Tafadhali, ukiona REMOVED, simama na usome kila jina. Ukiona jina usilolitarajia, bonyeza N. Hakuna hasara yoyote kwa kubonyeza N. Unaweza kurudi baadaye ukiwa umeelewa.

Na kama ni pip, chombo cha kusakinisha vitu vya Python, inayokukatalia kwa kusema externally-managed-environment, usiipite kwa nguvu ingawa ujumbe wenyewe unakuonyesha njia ya kuilazimisha. Mfumo unailinda Python yake isichafuliwe. Weka pakeji ya python3-venv, tengeneza folda lake la pembeni, fanya mambo yako humo:

python3 -m venv ~/kazi
~/kazi/bin/pip install pandas

Ukiharibu, unafuta folda la kazi na kompyuta inabaki salama.

Mint inakuja na Timeshift. Iwashe siku ya kwanza, kabla ya kuweka chochote. Inahifadhi hali ya mfumo, nawe unaweza kurudi nyuma ukiharibu. Kwa kawaida haigusi nyaraka na picha zako, kwa hiyo hizo zitunze kwa njia nyingine.

Kwa wenzangu tunaonunua bando, kuna jambo ambalo limeniokolea pesa nyingi. Nikiwa mahali penye Wi-Fi nzuri napakua tu, bila kusakinisha:

sudo apt-get install --download-only qgis

Pakeji zote zinakaa kwenye /var/cache/apt/archives. Nyumbani naandika sudo apt-get install qgis, na kama ghala halijabadilika katikati, haitumii tena hata MB moja. Mtandao ukikatika katikati ya upakuaji, rudia amri ileile; apt huendelea pale ilipoishia. Na angalia tofauti hii: apt hufuta mafaili hayo baada ya kusakinisha, apt-get huyaacha. Ukitaka kumpa rafiki yako mwenye toleo lilelile, tumia apt-get na uyanakili kwenye flashi.

Kosa lililonisumbua kuliko yote halikuhusu pakeji hata kidogo. Nilisafiri, laptopu ikakaa imezimwa siku kadhaa, na niliporudi sudo apt update ikakataa. Safari hii sikunakili chochote. Niliibeba hadi kwa fundi mmoja wa makamo ninayemheshimu, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye skrini. "Binti yangu, soma hapa mwisho."

Release file is not valid yet, na kwenye mabano invalid for another 5d 20h.

"Siku tano," akasema. "Inakwambia faili hili ni la siku zijazo. Leo ni tarehe ngapi, na kompyuta yako inadhani ni ngapi?"

Saa ilikuwa nyuma kwa siku sita. Kwa kawaida kompyuta hujirekebishia saa kupitia intaneti, ila mtandao niliokuwa nautumia ulikuwa unalizuia jambo hilo, na apt hakubali orodha yenye tarehe ambayo haijafika. Akafungua mfuniko wa chini, akatoa betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa, iliyokuwa imekufa, akaweka mpya. Nikarekebisha tarehe, nikaandika sudo apt update mbele yake. Mistari ikapita yote hadi mwisho bila E hata moja.

"Haya," akasema, akirudisha skrubu. "Weka hiyo ramani yako tuione."