Umepima mbegu au umepima maji?

Pale Mlingotini, Bagamoyo, niliwahi kufunga kamba kumi na mbili za mwani: sita mbegu za ncha changa, sita mbegu za mashina yaliyokomaa. Changa nilizipanga upande wa kina, zilizokomaa upande wa ufukweni, nisije nikazichanganya. Baada ya wiki sita zile changa zilikuwa na uzito karibu mara mbili. Nikaanza kuwaambia kina mama wabadili mbegu.

Mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, zile zako zimo majini hata maji makubwa ya bamvua yakitoka. Hizi zinapigwa jua. Umepima mbegu au umepima maji?"

Nilirudi kwa kila niliyemshauri, nikamwomba radhi.

Pwani haina sehemu mbili zinazolingana, kwa hiyo usililazimishe shamba lilingane. Ligawe. Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyeanza kazi 1919 kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, alifundisha hivyo: linganisha vilivyo jirani, kisha bahati iamue kipi kikae wapi. Mara ya pili nilichagua vituo sita kuanzia ufukweni hadi kwenye kina, kila kituo kamba mbili ubavu kwa ubavu. Nikarusha sarafu ya shilingi 200. Ikionyesha simba, changa inakaa kushoto. Msiidharau sarafu hiyo. Mkono wa mtu huipa mahali pazuri ile mbegu anayoipenda, naye hata hajui.

Na tafadhali, msihesabu mafundo yanayoshika mbegu kwenye kamba. Kamba moja ina mafundo mengi, lakini yote yanapata mkondo mmoja na kuliwa na samaki tafi wale wale. Kamba sita ni vipimo sita, hata zikiwa na mafundo mia tatu.

Safari hii changa zilishinda vituo vitano kati ya sita. Unatamani kushangilia, sivyo? Lakini fanya hesabu: kama mbegu hazitofautiani, kila kituo ni sawa na kurusha sarafu. Matokeo yanayowezekana ni 64, na katika 7 kati ya hayo changa hushinda vituo vitano au zaidi. Hiyo ni kama asilimia 11 kwa bahati tupu. Zingeshinda vyote sita ingekuwa 1 kati ya 64.

Kwa hiyo sijamwambia mtu abadili mbegu. Bamvua lijalo tunafunga vituo kumi na viwili, na idadi hiyo nimeshaiandika kwenye daftari kabla ya kugusa kamba. Yule mama ndiye atakayerusha sarafu.